Kabla hamjayeyusha shanga za bibi zenu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kwenye ukurasa wa ujasiriamali nilisomewa kwanza na binti yangu kwenye simu, mimi nikiwa mbele ya moto siwezi kugeuka. Baadaye nikamtuma gazeti lenyewe, nikavaa miwani, nikasoma mwenyewe nisije nikamsingizia mtu. Mwandishi anawahimiza vijana na kina mama wakusanye shanga kuukuu, zile za kwenye masanduku ya bibi na makopo ya mashangazi, waziyeyushe kwa tochi ya gesi na kutengeneza shanga kubwa za kuwauzia watalii pale Mwenge na Slipway. Hapo sina ugomvi naye. Ndiyo kazi inayonilisha hapa Magomeni Mapipa, huu mwaka wa kumi na moja. Ugomvi wangu ni na sentensi moja tu, inayosema mtu achanganye rangi na aina anavyopenda kwa kuwa kioo ni kioo.

Si kweli. Na mimi kulijua hilo nimelipa kwa shanga za bibi yangu.

Bibi mzaa mama alikuwa mtu wa Bagamoyo. Alipofariki, wajukuu wengine walipata kanga, mmoja akapata kinu, mimi nikaangukiwa na kopo la Blue Band lenye tunda saba. Wasichana wa sasa neno utunda hawalijui, wanasema tu shanga za kiunoni. Nami sitaeleza zaidi ya hapo, gazeti linasomwa na watoto. Tunda mbili zilikuwa nyeupe, mbili za buluu, moja ya kijani cha jani la mgomba, na mbili nyekundu. Nyekundu zile hazikuwa nyekundu kote. Ukiuelekeza ushanga kwenye mwanga ukachungulia tunduni, ndani ni mweupe kama jino. Shanga za namna hiyo zilitengenezwa Venice, zikaja Unguja kwa meli, na katika karne ya 19 wapagazi walizibeba kutoka Bagamoyo hadi kwenye maziwa makuu. Watu wa pwani waliziita samesame.

Mwaka wangu wa pili kazini akaja mama mmoja wa Ilala, ana binti anaolewa. Alitaka shanga 12 za ukubwa wa kunazi, zenye madoa mekundu ndani ya kioo kiangavu. Wakati huo nilikuwa na fito za kioo kutoka Murano, Italia, alizoniletea mpwa wangu ambaye ni baharia. Kila kifungu kilikuwa na karatasi imeandikwa 104. Namba ile nilidhani ni ya rangi, au labda ya bei. Nikachukua mkasi, nikakata utunda mmoja mwekundu.

Nieleze nilivyofanya, maana ndivyo makala yenu inavyoelekeza. Nilichovya spoku ya baiskeli kwenye uji wa udongo mweupe wa Pugu ili kioo kisigande kwenye chuma, nikaikausha. Nikayeyusha ncha ya ufito mpaka ikawa donge la rangi ya chungwa, limelegea kama asali, nikalizungusha kwenye spoku. Donge likiwa bado laini nikalivingirisha juu ya shanga za bibi nilizozimwaga kwenye mfuniko wa bati. Nilipolirudisha motoni shanga ziliruka kama bisi, moja ikanidunda kidevuni, alama ninayo mpaka leo. Zilikuwa baridi mno. Mara ya pili nikazipasha kwanza juu ya jiko la mkaa, zikashika. Nikazifunika kwa kioo kiangavu, nikaviringa, nikafukia kwenye sufuria ya majivu moto. Asubuhi nikafukua zote 12, nzima. Wekundu ulikuwa umechanganyika na ule moyo mweupe, madoa mengine yamekuwa rangi ya ufizi, lakini zilipendeza. Nikaziosha nikaziweka kwenye kisosi juu ya kabati la vyombo.

Usiku ule nikasikia "tik". Nikajua ni mjusi kafiri. Baada ya muda, tik tena, na safari hii ilikuwa na mlio wa kisosi ndani yake. Nikawasha taa. Ushanga mmoja ulikuwa umegawanyika vipande viwili kama karanga iliyomenywa, hakuna aliyeugusa. Kufikia Ijumaa zilikuwa zimepasuka saba, na zile tano zilizobaki kila doa jekundu limezungukwa na ufa mwembamba kama mpaka wa nchi kwenye ramani. Nikamrudishia mama wa watu arbuni yake. Alikuwa mstaarabu, hakusema kitu, aliokota kipande kimoja kwenye kisosi akakitazama, akakirudisha.

Kwenye semina moja ya wajasiriamali niliyohudhuria muda huo nilimwuliza mkufunzi, akanijibu kwamba nimepoza haraka. Jibu hilo si la kijinga. Kioo kinachopoa nje huku ndani bado moto kinabaki na mvutano, na kitapasuka tu. Basi nikahangaika na majivu mwezi mzima: majivu ya mkaa, majivu ya vifuu, mchanga uliokaangwa, majivu na mchanga. Nikapoteza shanga nyingi nzuri kwa kutibu ugonjwa ambao sikuwa nao.

Aliyenifumbua macho ni sonara mzee wa Kariakoo, yuleyule aliyenifundisha kushika tochi. Aliviweka vile vipande kiganjani, akavigeuzageuza kwa kibano, akasema, "Mwanangu, ufa wa kupoza vibaya unakata popote unapotaka. Huu wako umefuata mshono." Nikatazama, kweli. Hakuna ufa hata mmoja uliopita katikati ya wekundu. Yote ilitembea pale wekundu unapokutana na kioo changu cha Murano. Akaniuliza ile namba 104 kwenye karatasi naijua ni ya nini. Sikuijua.

Namba ile ni kiasi ambacho kioo kinatanuka kikipata joto, na kusinyaa kikipoa. Ufito wa kioo cha 104 ukipanda nyuzijoto moja ya Selsiasi unarefuka kwa sehemu 104 katika sehemu milioni 10 za urefu wake. Kioo cha Bullseye kinachotengenezwa Marekani ni 90. Vioo vya dirisha na chupa vinaangukia kati ya 80 na 90 au karibu na hapo. Kioo cha vyombo vya maabara, kile kisichoogopa moto, ni 33 tu. Ukisikia hivyo unaona ni vitu vidogo sana, na kweli ni vidogo. Nilipiga hesabu na binti yangu nyuma ya daftari lake. Chukua ushanga wa sentimita mbili unaoshuka kutoka nyuzijoto 500, ambako kioo kinaanza kukakamaa, hadi joto la Dar. Kioo cha 104 kitasinyaa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Kioo cha 90 kitasinyaa pungufu ya hapo kwa kama milimita 0.013, yaani kwa makadirio sehemu moja ya tano ya unene wa unywele. Sehemu ya tano ya unywele! Lakini vimeshikana, hakuna anayeweza kumwachia mwenzake. Mmoja anavuta, mwingine anavutwa, na kioo ukikikandamiza ni imara kama jiwe ila ukikivuta hakina nguvu yoyote. Kinashikilia siku moja, mbili, wiki, halafu anapita mjusi kafiri.

Na namba zenyewe hazimalizi mambo. Vioo viwili vinaweza kuwa na namba moja, lakini kimoja kikakakamaa mapema wakati kingine bado kinatambaa, navyo vikagombana vilevile. Watengenezaji wa vioo wenyewe wanasema namba kufanana si dhamana.

Sasa turudi kwenye shanga ndogo, zile za kutungia, maana ndizo mwandishi wenu alizozizungumzia. Hizi, ukiacha zile za rangi mbili kama samesame, hazikutengenezwa zikutane na kioo kingine. Kiwandani wanachukua donge kubwa la kioo lenye tundu la hewa katikati, wanalivuta mpaka linakuwa bomba refu jembamba, wanalikatakata, kisha vipande vinazungushwa kwenye pipa la moto pamoja na unga wa kuziba matundu yasigande, mpaka kingo zinalainika. Kila rangi inapikwa peke yake. Kinachoipa nyeupe weupe si kinachoipa buluu ubuluu, na mwenye kiwanda hana sababu ya kuhakikisha nyeupe yake inasinyaa sawa na buluu yake, kwa sababu anajua zitakutana kwenye uzi, si kwenye moto. Ndiyo maana pakiti ya shanga hata ukiigeuza mara kumi huoni namba ya kutanuka. Na hapo unazungumzia kiwanda kimoja. Kopo la bibi lina Venice, lina Bohemia ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki, lina India, halafu shangazi ameongezea za China alizonunua Kariakoo mwaka juzi. Nyingine wala si kioo, ni plastiki. Hizo utazijua kwa harufu, na tochi yako itazijua kabla yako.

Rangi haisaidii kutambua. Zile tunda zangu mbili za buluu, nilizoapa ni pacha, nilizijaribu baadaye. Moja ilikubaliana vizuri na kioo changu cha Murano. Nyingine ilikikataa kabisa.

Jaribio lenyewe ndilo nililotaka mwandishi wenu aliandike, kwa sababu halina gharama, linakula shanga chache tu na dakika kumi. Yeyusha shanga kidogo mpaka ziwe kidonge cha ukubwa wa punje ya mahindi. Yeyusha kidonge cha kioo chako unachokijua, ukubwa uleule. Vibandike ubavu kwa ubavu, visipandane, visizungukane. Viwe kama kurasa mbili za kitabu kilichofungwa. Pasha moto vyote viwili mpaka vilegee, toa nje ya moto, hesabu mbili, kisha shika kwa koleo na uvute polepole kama unavuta kamba ya lami. Unapata uzi mwembamba wa kioo, urefu wa mkono kuanzia kiwiko, upande mmoja rangi hii na upande mwingine rangi ile. Ulaze mezani, uuache. Usiutazame kwanza, kwa sababu ukiwa moto bado unajikunja ovyo. Ukishapoa kabisa utauona. Ukilala umenyooka kama uzi wa fundi seremala, vioo vimekubaliana. Ukijipinda, vimekataana, na upande wa ndani wa upinde ndio uliosinyaa zaidi. Uzi wa utunda wa kwanza wa buluu ulilala sawasawa. Wa pili ulijikunja kama ndoana ya kuvulia changu. Wa samesame nilipoujaribu hatimaye, nikiwa nimechelewa kwa mwaka mzima na utunda mmoja, ulijikunja mpaka ukakatika wenyewe mezani.

Ipo njia nyingine ya kukagua ushanga uliokwisha kutengenezwa, ila inafaa kwa kioo kinachopitisha mwanga tu. Mafundi simu wa Mtaa wa Aggrey wanatupa skrini za kompyuta zilizovunjika. Kwenye hizo skrini kuna karatasi nyembamba ya plastiki ya kijivu inayobanduka. Omba vipande viwili. Vipandanishe mbele ya taa, ukizungusha kimoja polepole mpaka taa izimike machoni pako. Hapo katikati ya vipande viwili weka ushanga. Kioo kilichotulia kinabaki giza. Kioo kinachovutana kinang'aa pale kinapovutana, mstari wa mwanga ukizunguka doa kama mwezi unapokuwa na duara la wingu. Mara ya kwanza nilipouona mwanga ule nilikaa kimya, kwa sababu ushanga wenyewe kwa macho ya kawaida haukuwa na dosari, na nilikuwa nimeshauwekea bei.

Angalizo: mwanga unatokea pia kwa ushanga uliopozwa vibaya, kwa hiyo poza vizuri kwanza ndiyo ukague. Mimi majivu nimeyaacha. Fundi wa Gerezani alinitengenezea tanuri dogo la waya za umeme lenye kipimajoto, na kioo cha 104 nakishikilia kwenye nyuzijoto 520 kwa saa nzima kabla ya kushusha taratibu. Umeme ukikatika katikati siufungui mlango hata mtu aje kunidai. Lakini nisisitize, maana wengi hulichanganya hili: tanuri halisuluhishi vioo visivyokubaliana. Unaweza kuvipoza siku tatu. Vitasinyaa tofauti taratibu badala ya kusinyaa tofauti haraka.

Picha mliyoweka na makala nayo imenisumbua. Mama ameshika tochi kwenye meza ya chakula, dirisha limefungwa, na nyuma yake anaonekana mtoto kwenye kochi. Shanga kuukuu nyingi zina madini ya risasi ndani ya kioo. Utajua pale moto wako unapokosa hewa ya kutosha na kioo kinageuka kijivu kama kimepakwa masizi ya fedha. Nyekundu, chungwa na njano kali nyingi zimepewa rangi kwa kadimiamu. Weupe wa zamani mara nyingine ulitokana na arseniki. Zikiwa kiunoni hazina neno. Ukizichemsha motoni kwenye chumba kisicho na hewa, moshi wake unaingia kifuani, na wa mtoto unaingia kwenye kifua kidogo zaidi. Mimi nafanyia kazi barazani, feni inasukuma moshi nje uelekee ukutani, na usiku tochi haiwashwi. Na zile zilizopakwa rangi kwa juu au kutiwa fedha tunduni, zinazong'aa sana dukani, rangi yake inaungua mara moja unabaki na kioo cha maji ya mchele. Hiyo nayo ni hasara.

Kitu kingine kidogo, lakini kimenikereketa. Makala inaita kazi hii teknolojia mpya iliyotoka nje. Mwalimu mmoja wa mambo ya kale aliyekuja kununua shanga kwangu alinieleza habari ambayo nimeisimulia tangu hapo kwa kila anayekaa barazani kwangu. Kwenye bonde la mto Limpopo, mahali wanapopaita K2, jirani na Mapungubwe huko Afrika Kusini, watu wa karne ya 11 na 12 walikuwa wakichukua shanga ndogo zilizoingia kwa biashara ya Bahari ya Hindi, biashara hiihii ya Kilwa na pwani yetu, wanazijaza kwenye vikalibu vya udongo, wanazichoma mpaka ziyeyuke ziwe ushanga mmoja mkubwa mnene. Nilimwuliza swali moja tu: walichanganya rangi? Akasema hapana, zile kubwa ni za buluu-kijani tu, zimetokana na shanga ndogo za aina moja. Nikacheka. Nina hakika kuna mtu K2 aliyeamshwa usiku na "tik" kabla wenzake hawajaelewa.

Na Wakrobo wa Ghana, ambao shanga zao zinauzwa dunia nzima, wanatwanga chupa mpaka ziwe unga, wanajaza kwenye vikalibu vya udongo, katikati wanasimika kikonyo cha jani la muhogo. Tanurini kikonyo kinaungua, tundu linabaki. Muhogo tunao, chupa tunazo, jalala la Pugu Kinyamwezi linatujua. Kwa anayeanza leo na hana fito za Italia, mimi namwambia aanze na chupa, na aanze na chupa moja. Ushanga wote utoke kwenye chupa hiyohiyo, isipokuwa amevuta uzi akahakikisha ile ya kijani inakubaliana na ile ya kahawia. Asidhani kwa kuwa zote zilikuwa na kinywaji kimoja basi zimezaliwa pamoja.

Na shanga za bibi? Zinaweza kutumika motoni, sikatai. Utunda mmoja wa aina moja ukiyeyushwa peke yake, bila kuchanganywa na kitu, unatoa ushanga salama, ingawa utajaa mapovu kwa sababu kila punje imekuja na tundu lake la hewa. Punje mbili tatu zikibandikwa juu ya uso wa ushanga, zisifunikwe, mara nyingi zinavumilia hata kama namba haziendani sana, kwa kuwa ni ndogo na upande mmoja ziko huru. Kilichoniua mimi ni kuzifunika. Pale ndani zilikuwa hazina pa kwenda.

Lakini kabla hujafika huko, zitazame. Mfanyabiashara mmoja wa vitu vya kale aliwahi kuniona na ule utunda mwekundu uliobaki, akanitajia bei ya kuununua kama ulivyo, kwenye uzi wake mbovu. Ilikuwa kubwa kuliko nilivyomdai yule mama wa Ilala kwa shanga zote 12. Nilikuwa nimeyeyusha kitu cha thamani nikatengeneza kitu cha kurudishia watu arbuni. Sikuuza. Nimeutunga upya kwa uzi wa nailoni, na binti yangu ndiye anayeuvaa.

Ninachoomba, Mhariri, ni sahihisho dogo mahali palepale ilipotoka makala, si lazima muandike jina langu. Najua kuna wasomaji ambao wameshaleta kopo mezani. Sonara au fundi shanga yeyote mwenye tochi atakuvutia uzi bila kukudai kitu. Kwangu Mapipa barazani vilevile karibuni, asubuhi kabla jua halijawa kali. Njooni na punje kumi tu za kila rangi, utunda muuache nyumbani.

Fundi shanga,
Magomeni Mapipa, Dar es Salaam